Mwalimu Generoza Marcel na Nguo Tulizoziita Matambara

Mwalimu Generoza Marcel anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kufundisha, kushona, kufumua na kuvumilia katika kituo chetu cha ufundi hapa Kanazi kwa miaka thelathini na moja na miezi minane. Mkuu wa Kituo wa sasa, Bi. Happyness, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyemwajiri. Aliomba ukurasa mmoja wenye maneno mazuri. Kurasa zimezidi, na maneno mazuri nimeyaweka pale tu yanapostahili. Daktari amenieleza, kwa upole ambao sikuuomba, kwamba nikiiona Krismasi nimshukuru Mungu. Mtu aliyeambiwa hivyo hana nafasi ya kuandika uongo wa adabu.

Nimesoma wasifu wa wastaafu wengi katika jarida hili. Wote walikuwa wachapakazi, wacheshi na wenye ushirikiano. Huwa najiuliza ni nani basi aliyekuwa akilala nyuma ya stoo miaka yote ile.

Mwalimu Generoza anataka kwenda nyumbani kwake Bukiriro kufungua chumba cha ushonaji kwa wasichana. Chumba kipo, kimepigwa plasta, na vyerehani vimefika. Wasichana hawajafika hata mmoja. Bukiriro wanamwita mkata nguo za marehemu, na mzazi wa kule hampeleki mwanawe kwa mtu mwenye jina kama hilo. Jina hilo lilitoka ofisini kwangu. Nitafika huko. Kwanza nieleze alikuwa mwalimu wa namna gani, maana wengi wenu mnaomshangilia leo hamjui mnashangilia nini.

Alikuja Machi 1994, akiwa na miaka ishirini na minane, na cheti cha ushonaji kilichokunjwa mara nne. Waombaji walikuwa sita. Watano walinisifia kituo. Yeye aliniangalia miguuni, akasema, "Samahani, Mkuu, pindo la mguu wa kushoto limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka." Lilikuwa limeshonwa na mke wangu. Nilimwajiri papo hapo, kisha nikakaa kimya nyumbani kwa wiki nzima.

Mwaka ule wilaya yetu ilijaa watu waliokimbia vita, na nyuma yao zikaja nguo. Zilikuja kwa malori, kwa marobota, nguo ambazo huko zilikotoka hata mbwa wao wasingezilalia. Zilikuja suti za kuteleza kwenye theluji, magauni ya harusi yenye madoa ya mvinyo, makoti ya sufu ya kumfunika ng'ombe, na tai. Mungu wangu, tai ngapi! Nzuri zilinunuliwa. Zilizobaki zilitupwa kwenye mtaro nyuma ya gulio, zikavimba kwa mvua. Sisi watu wazima, wenye vyeti, tulipita tukiziba pua na kusema, "Kafa Ulaya hizo."

Generoza aliwapa wanafunzi wake mifuko akawapeleka mtaroni.

Katika kikao cha walimu nilisimama nikasema kituo hiki hakifundishi watoto wa watu kuokota. Wenzangu wakacheka, kama ilivyo kawaida ya walimu mkuu wao anapotania. Generoza akainua mkono. "Hatuokoti, Mkuu. Tunachagua." Hakucheka mtu.

Darasa lake lilikuwa na taratibu ambazo wakaguzi hawakuzielewa. Wiki tatu za kwanza mwanafunzi hakugusa cherehani. Alipewa wembe na nguo kuukuu, akafumua mshono baada ya mshono, bitana, kola, zipu, hadi nguo ilale mezani vipande vipande kama kuku aliyechinjwa na fundi. "Kufumua ndiyo shule," alisema. "Kushona ni mazoezi." Halafu kabla ya kukata, msichana alitakiwa aivae siku nzima darasani nguo nyingine aliyoichagua, hata kama ni koti la mzungu mwenye futi sita, ajione anavyoonekana, achekwe, kisha aseme anataka nini kibaki na nini kiondoke. Hakuna nguo mbili zilizotoka darasani kwake zikifanana. Msichana mmoja wa Nyarubungo alishona gauni la tai arobaini na tatu, likawa linatembea kama maji. Mwingine aliyelelewa na bibi mfugaji alitengeneza jaketi la jinzi lenye pembe za ng'ombe mgongoni, pembe zenyewe zikiwa za ngozi ya pochi zilizokufa. Ukimwona msichana njiani ulijua ni wa nani na anapenda nini kabla hajakupa shikamoo.

Ofisa mmoja aliyetutembelea alilitazama lile gauni la tai akauliza, "Hii ni ya kutishia ndege wa shambani?" Nikacheka naye. Nilikuwa hodari wa kucheka na wageni.

Sasa nifike nilikokwepa kufika kwa miaka ishirini na miwili.

Mwaka 2003 Generoza aliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi hii: kila mmoja alete kutoka nyumbani nguo moja ambayo hakuna tena anayeivaa, aiunganishe na nguo ya mtumba. Miongoni mwao alikuwamo Keza, binti wa miaka kumi na saba kutoka Bukiriro, wa familia yenye asili ya Burundi. Mama yake alikuwa amefariki Agosti iliyotangulia. Keza alichagua kitenge cha mama yake, cha rangi ya udongo, chenye ndege weupe.

Wenzetu wale wana utaratibu wao, na sisi Wahangaza hatuko mbali nao. Nguo za marehemu hazigawiwi wala hazikatwi mpaka siku ya kuondoa matanga, ambayo huweza kufika baada ya mwaka mzima. Wao huiita kuganduka. Kabla ya siku hiyo nguo bado ni ya mwenyewe. Jambo jingine, neno la msiba hatumwi mtoto kulisema. Mkubwa humwambia mkubwa. Kwa hiyo Keza alipoomba kitenge, baba yake mkubwa, mzee Manirakiza, hakumwambia akamweleze mwalimu. Alimruhusu aondoke nacho, akamwambia habari nyingine zitakuja kwa barua, kisha akamwandikia barua mkubwa wa kituo. Mkubwa huyo nilikuwa mimi.

Barua ilifika Aprili, mkononi mwa mlinzi. Niliitazama bahasha. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyejifunza ukubwani. Nikasema moyoni, hawa nao na matambara yao. Nikaitia mfukoni mwa koti, niende kuifungua baadaye.

Sikuifungua.

Keza alijua barua imefika, hivyo alijua mwalimu ameambiwa. Generoza aliona mtoto ameruhusiwa kuja na nguo, hivyo alijua wakubwa wameridhia. Mei wakachukua koti la kijivu la sufu, wakalitoa mikono, wakalipunguza urefu, na mgongoni, kuanzia bega hadi bega, wakaweka wale ndege weupe. Mimi niliyekuwa nikicheka na wageni nililiona koti lile likining'inia dirishani nikasimama. Nilisimama muda mrefu. Sikumwambia mtu.

Juni Keza akalivaa kwenda likizo.

Siku ya nne Manirakiza alifika kwa baiskeli, koti likiwa ndani ya mfuko wa mbolea, na kina mama wawili wa ukoo walikuja nyuma yake kwa miguu. Hakuitikia karibu yangu. Aliweka koti mezani. Generoza aliitwa, Keza akasimama mlangoni.

"Mwalimu Mkuu," alisema Manirakiza, "nilikuandikia. Nilisema mkasi usubiri Agosti. Barua ilikufikia au haikukufikia?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Ningeweza kusema, ilinifikia, sikuisoma. Maneno mawili. Ningeonekana mzembe, na uzembe hauui. Lakini nilikuwa Mkuu wa Kituo, nina tai shingoni, na mbele yangu walisimama watu waliokuja na mfuko wa mbolea.

"Ilinifikia," nikasema. "Nikampa mwalimu maelekezo."

Generoza akageuka. "Maelekezo gani, Mkuu?"

"Usinibishie mbele ya wageni."

"Lakini mimi sikuambiwa..."

"Mwalimu!"

Akanyamaza. Mmoja wa wale kina mama akasema, "Na huyu ni wa kwetu! Kaolewa kulekule Bukiriro, mila anaijua. Angekuwa mgeni tungesema hajui." Mwenzake akaongeza, "Mkasi wake una njaa, hauchagui wazima wala wafu." Keza alikuwa akilia, "Nilijua mwalimu kaambiwa, jamani, nilijua kaambiwa," na hakuna aliyemsikiliza, maana katika ofisi yangu watoto hawakusikilizwa.

Jioni ile nilimwandikia Generoza barua ya onyo. Niliiandika kwa Kiswahili safi kabisa. Nilisema "ameonyesha dharau ya wazi kwa mila za jamii inayotuzunguka." Aliyedharau hata kuchana bahasha ndiye aliyeandika neno dharau. Barua ikaingia kwenye jalada lake, na bado imo hadi leo ninapoandika. Julai nikamwondoa darasani nikampeleka stoo, akatengeneze mashuka ya bweni.

Septemba bitana ya koti langu ilichanika kwapani. Kwa kuwa mtu mwenye cheo hafikiri, nililipeleka stoo. Siku ya pili Generoza alilileta ofisini, limeshonwa vizuri kuliko lilivyotoka dukani. Juu yake aliweka bahasha.

"Mfukoni kulikuwa na barua, Mkuu. Haijafunguliwa."

Akatoka, akarudi kwenye mashuka.

Mtu yeyote mwenye haya angekwenda Bukiriro siku ileile. Mimi niliiweka bahasha kwenye droo nikaendelea na kazi za ofisi. Mwaka 2005 nikastaafu kwa heshima, nikapewa godoro na mbuzi, na jarida hili likaandika kwamba nilikuwa kiongozi mwadilifu. Niliusoma wasifu huo mara mbili. Yule mbuzi alikuwa mwadilifu kuliko mimi.

Huko stoo Generoza alikaa miaka minane. Msidhani alikaa akihuzunika. Vyandarua vilivyotoboka alivigeuza shela za kipaimara. Mashuka yaliyochoka akayatia rangi ya maganda ya miti, yakawa mashati ambayo mafundi wa mjini walikuja kuyachungulia. Wasichana walianza kuaga kwamba wanakwenda chooni, wakaishia stoo. Msimamizi wa stoo wakati ule alilalamika kwamba stoo ina wanafunzi wengi kuliko darasa. Alikuwa anasema kweli.

Mwaka 2011 mwalimu wa ushonaji alihamia Biharamulo, na kituo kikakosa mtu. Wakamrudisha Generoza darasani, kama mtu anavyorudia jembe la zamani jipya likivunjika. Mara tatu jina lake lilipendekezwa awe mkuu wa idara. Mara tatu jalada lilifunguliwa, ile barua yangu nzuri ikasomwa, na mwingine akateuliwa. Wawili kati ya hao walijifunzia kwake kutia uzi kwenye sindano.

Halafu dunia ikagundua kwamba ina nguo nyingi mno. Wakaja wageni wenye kamera. Wakasema kazi ya Generoza ni ya kulinda mazingira, ni ubunifu, ni sauti ya msichana. Ghafla walimu waliokuwa wakimwita mama jalala wakawa wamemuunga mkono tangu mwanzo. Ofisa mmoja, si yule wa ndege wa shambani bali wa aina ileile, alipigwa picha kwenye maonyesho ya Nane Nane akiwa amevaa kizibao kilichotoka darasani kwa Generoza. Alikivaa nje ndani. Hakuna aliyemwambia.

Na kamati ya sherehe ya kumuaga, nasikia, imechapisha bango kubwa la plastiki lenye maneno "Mitindo Endelevu," pamoja na tarehe, ili kesho yake lisifae kwa lolote. Zawadi ni kitenge kipya cha nailoni na saa ya ukutani. Mwanamke aliyetumia miaka thelathini na moja kuwaonyesha thamani ya kilichotupwa, mnamuaga kwa kitu kinachongoja kutupwa. Hongereni.

Julai mwaka huu alikuja kunitazama. Alileta ndizi na uji wa ulezi. "Shikamoo, Mkuu," akasema, bado ananiita Mkuu. Nikaitikia. Tulizungumza habari za chumba chake cha Bukiriro, akanieleza bila kunung'unika kwamba majirani wanakipita kwa mbali. Nikamuuliza kwa nini, mwaka ule, hakuichukua bahasha akampelekea Manirakiza.

"Ningeipeleka, ingejulikana Mkuu wa Kituo ni mwongo. Wazazi wangewatoa binti zao. Wasichana sitini, Mkuu, wangeshonea wapi?" Akanimiminia uji. "Na nilidhani utakwenda mwenyewe wiki ijayo. Nikasubiri wiki ijayo. Zikawa nyingi."

Alipoondoka nilimwomba binti yangu anitafutie bahasha. Agosti, miaka ishirini na miwili tangu iandikwe, niliichana. Ina mistari minne: "Kwa Mkuu. Mtoto anakuja na nguo ya mama yake. Aipime lakini isikatwe mpaka tutakapoondoa matanga mwezi wa nane. Umwambie mwalimu wake kwa mdomo wako, tunamwamini, ni mtu wa kwetu."

Septemba binti yangu alikodi gari akanipeleka Bukiriro. Manirakiza ni mzee sasa, lakini anasimama bila fimbo. Alinipokea uani. Nikampa barua yake. Aliigeuza.

"Gundi hii niliilamba mwenyewe. Umeifungua lini?"

"Mwezi uliopita."

Alicheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe aliyekuwa jikoni. "Njoo umwone msomi! Mistari minne, kaisoma miaka ishirini na miwili! Sisi wa kusoma kwa kidole tungekuwa tumeshamaliza." Mke akatoka, akanitazama, akarudi ndani bila kunisalimia.

Nilimweleza yote, na ile bitana pia. Alipoelewa kwamba Generoza alijua na alinyamaza, kicheko kiliisha. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mama huyo hupita hapa kila mwisho wa mwezi akitoka Kanazi," alisema. "Hunisalimia. Sijamwitikia tangu mwaka ule. Hata siku moja. Na hajaacha kunisalimia."

Akainuka kwenye kinu.

"Wewe sikukaribishi ndani," akasema. "Usinielewe vibaya, naona unaumwa. Lakini sikukaribishi. Yeye nitamwendea mimi. Na wewe haya uliyonieleza hapa uani, yaandike penye kusomwa na watu, uweke majina. Yasomwe na hapa kwetu Jumapili watu wakitoka ibada, na asiyasome mtoto wako, atayalainisha."

Bi. Happyness amekubali kuyasoma mwenyewe, hapa Kanazi siku ya sherehe na Bukiriro Jumapili ya tarehe 2 Novemba. Amekubali pia kuitoa barua yangu ya onyo kwenye jalada na kuweka hii mahali pake. Namheshimu kwa hilo. Alikuwa na haki ya kunirudishia kurasa hizi na kuomba za kuchekesha.

Kwa hiyo isikike waziwazi. Generoza Marcel hakuambiwa. Aliyeambiwa ni mimi, Fideli Nshoma. Hakudharau msiba wa mtu. Mwaka ule mimi ndiye niliyemdharau marehemu mama Keza, nikamdharau shemeji yake aliyeandika kwa taabu, na nikaidharau kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka katika kituo hiki, huku nimesimama mbele yake nikiitamani. Anayetaka kuendelea kumwita mtu jina baya, nyumba yangu haiko mbali na barabara.

Manirakiza ametuma neno kwamba Jumatatu ya tarehe 3 Novemba wajukuu wake wawili watakuwa mlangoni kwa Generoza asubuhi na mapema. Vyerehani ni vinne. Wazazi wa Bukiriro mnaosomewa haya, vile viwili vingine mnajua vinangoja nini.

Mama Generoza, sikuombi msamaha hapa, kwa sababu mbele ya watu wote hawa usingeweza kunikatalia, nami nimeshakuziba mdomo mbele ya watu mara moja. Asante kwa miaka yako, na ile minane ya stoo naihesabu mara mbili. Nenda salama. Nakutakia macho yaendelee kuliona tundu la sindano, chumba kijae wasichana wabishi, na majirani wakuitikie salamu.

Fideli Nshoma
Mkuu wa Kituo, 1988–2005